Stroberi nyuma ya nyumba, Lushoto: shajara ya miche ya mizizi mitupu

Mei 2024: eneo, udongo na sababu ya kuchagua mizizi mitupu

Shajara hii inafuatilia matuta mawili ya stroberi nyuma ya nyumba yetu hapa Lushoto mjini. Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama zake, ili mwenye eneo dogo kwenye nchi ya baridi, iwe Usambara, Njombe, Rungwe au Limuru, aweze kufuata au kurekebisha kulingana na kwake.

Miche ya stroberi huuzwa kwa namna mbili. Ipo iliyo kwenye viriba, pamoja na udongo wake, na ipo ya mizizi mitupu: imeng'olewa, imekung'utwa udongo, ikafungwa mafungu. Ya kwenye kiriba hapa kwetu ilikuwa shilingi 2,500 kwa mche mmoja, tena ya kutafuta. Ya mizizi mitupu niliipata kwa mkulima wa mkoa wa Arusha kwa shilingi 1,200. Miche 60 inaenea kwenye boksi moja dogo, na kwa kuwa haiji na udongo, haiji na magugu ya shamba la mtu. Ubaya wake ni kwamba tangu inapong'olewa mpaka inaposhika tena ardhini, inaishi kwa akiba iliyomo kwenye kile kishina kifupi kinene kilicho kati ya mizizi na majani. Humu nitakiita moyo wa mche. Kila siku ya safari inapunguza akiba hiyo, na joto huimaliza upesi zaidi.

Aina ni Chandler, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983. Huko kwao ni stroberi ya siku fupi: hutoa maua mchana unapofupika na hewa ikipoa. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo kwetu kinachoamua ni ubaridi wa usiku. Ndiyo maana nilipanga kupanda Juni, masika yamekatika na baridi imeingia.

Kazi ya matuta haina mengi. Eneo lilikuwa la mahindi na maharage, halikuwa la nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili, mazao ambayo huacha udongoni ugonjwa wa mnyauko unaoingia pia kwenye stroberi. Bwana shamba alinipimia udongo, pH ikasoma 5.8. Stroberi hupenda kati ya 5.5 na 6.5, hivyo chokaa haikuhitajika. Matuta yameinuliwa sentimita 25, kila moja urefu wa mita nne na nusu, mistari miwili, nafasi ya sentimita 30 kutoka mche hadi mche.

Gharama: samadi ya ng'ombe iliyooza, magunia manne, 20,000. Kibarua wa kuinua matuta, 10,000. Miche 60, 72,000.

8 Juni 2024: boksi limefika, sehemu imeoza

Basi la kutoka Arusha kwenda Dar haliingii Lushoto. Mzigo unashushwa Mombo, chini ya mlima, kisha unapandishwa na gari jingine kupitia Soni, kilomita 33 za kona tupu. Boksi langu lilishushwa Mombo mchana, likalala stoo hadi asubuhi. Mombo ni tambarare ya joto, ya mkonge na mpunga, si mahali pa kulaza kitu cha baridi.

Nilipokata kamba, kilichonipokea ni harufu ya uchachu. Miche ilikuwa na majani yake yote, imeviringishwa magazeti yaliyolowa chepechepe, halafu nailoni ikakazwa juu yake. Majani mabichi yakifungiwa hivyo hupumua na kutoa joto lake yenyewe, na joto la stoo likaongezea.

Nimechambua mmoja mmoja, na namna ya kuchambua ndiyo ningependa msomaji aishike kuliko yote. Usitazame majani. Majani ya mche wa mizizi mitupu yanaweza kukauka yote na mche ukawa mzima kabisa. Tazama mizizi: mzima una rangi ya nyasi kavu kwa nje, na ukiukwaruza kwa ukucha, ndani ni mweupe na mgumu kidogo. Uliooza ni mweusi, unateleza, na ukiuvuta ganda linavuka, unabaki na uzi mwembamba wa katikati. Ukiwa bado una shaka, chagua mche mmoja ulio mbaya kuliko wenzake, upasue moyo wake kwa wembe. Moyo mzima ni mweupe wa maziwa kuanzia juu hadi chini. Wa mgonjwa una doa la kahawia linaloelekea wekundu, na mche wa namna hiyo haufufuki hata uufanyie nini.

Kati ya 60, 14 ilikuwa imekufa. Sita ya mashaka nimeifukia kwenye ndoo ya mchanga kivulini. Arobaini ni mizima.

Nimempigia simu mkulima nikamtumia na picha. Hakubisha. "Kaka, afadhali umefungua leo. Kuna mtu aliliacha boksi mpaka Jumapili, hakupata hata mmoja." Tumekubaliana namna ya kufunga mzigo utakaofuata, nitaieleza ukifika.

Usafiri: Arusha hadi Mombo 8,000, Mombo hadi Lushoto 3,000.

9 Juni 2024: kupanda

Nimepanda jioni, jua limeshatua nyuma ya mlima. Mizizi imeloweshwa kwenye ndoo ya maji safi nusu saa, si zaidi ya saa moja, maana mzizi nao unahitaji hewa. Iliyozidi urefu wa kiganja nimeikata kwa mkasi. Kila shimo lina kichuguu kidogo katikati; mche unakalia kichuguu, mizizi inatandazwa ikishuka pande zote. Mizizi iliyokunjwa kwenda juu huchelewa kushika.

Kimo cha moyo ndicho chenye kuua au kuponya. Nusu ya chini ya moyo iwe ndani ya udongo, nusu ya juu, pale majani machanga yanapochomoza, iwe nje. Ukifukiwa wote unaoza, na ukibaki nje wote mizizi ya juu inakauka.

Majani nimeyapunguza, nimeacha mawili au matatu machanga. Kila mche umepata nusu lita ya maji, na vipande vya majani ya mgomba kwa kivuli cha siku za mwanzo.

22 Juni 2024: tuta limeshuka

Tuta lililopandwa siku chache baada ya kuinuliwa, lenye samadi nyingi, lina hewa ndani. Kumwagilia kila siku na manyunyu ya usiku vimelishusha. Katikati ya tuta udongo umezama na mioyo imebaki juu, mizizi ya kwanza inaonekana. Pembeni ni kinyume chake: tope limeteremka likafunika majani machanga. Mistari niliyopanda kwa kimo kimoja sasa ina vimo vitatu.

Marekebisho: iliyofunikwa nimeifukua kwa kijiko, nikaosha moyo kwa maji kidogo. Iliyoning'inia sikuikandamiza, kwa sababu mizizi mipya myeupe ilikuwa imeshaanza kutoka na ingekatika. Nimeizungushia udongo laini uliochanganywa na mboji hadi nusu ya moyo. Kingo za tuta nimezijengea mawe ili zisimomonyoke.

Mitano imekufa, yote ya pembeni, ile iliyokuwa imefunikwa. Mitatu ya kwenye ndoo imetoa majani, imeingia mahali pake. Ipo 38.

Kwa anayeanza: inua tuta, limwagilie mpaka lilowe lote, liache litulie wiki mbili, kisha sawazisha ndipo upande.

6 Julai 2024: mzigo wa pili

Miche 25, shilingi 30,000. Safari hii mkulima ameondoa majani yote isipokuwa yale mawili ya katikati. Mizizi imewekwa kwenye maranda yenye unyevu, yale ambayo ukiyaminya hayatoi tone. Hakuna nailoni iliyokazwa, boksi limetobolewa pande zote. Ameipakia kwenye basi la alfajiri, nami nimeifuata mwenyewe Mombo, ikawa nyumbani kabla jua halijatua. Kusafirisha 8,000, nauli yangu ya kwenda na kurudi 8,000.

Wote ni mizima, mizizi ina rangi moja. Ishirini na miwili imejaza mapengo, mitatu ipo kwenye makopo kama akiba. Mvua ilianza mchana, hivyo mingine imesubiri hadi kesho yake kwenye droo ya mboga ya friji. Friji haina ubaya kwa siku chache; wazalishaji wakubwa wa miche hii huihifadhi miezi kadhaa kwenye ubaridi ulio chini kidogo ya sifuri.

28 Julai 2024: maua ya kwanza yamekatwa

Miche ya Juni imeanza kutoa maua. Nimeyakata yote. Inauma, lakini mche wenye majani manne ukiachiwa tunda hupeleka huko nguvu ambayo mizizi inaihitaji. Nitaendelea kukata hadi kila mche uwe na majani saba au nane ya ukubwa kamili.

Sota, wale viwavi wa udongoni, wamekata mashina ya majani matatu hivi usiku. Ukikuta jani limelala chini limekatwa safi, chimba kwa kidole kuzunguka mche, utamkuta amejikunja humo humo. Nimewatoa kwa mkono na sijatumia dawa.

25 Agosti 2024: mbolea ya kuku

Majani ya tuta la pili yalikuwa ya kijani kilichofifia. Nilipata mbolea ya kuku ya bure, ikiwa na miezi michache tu, nikaitandaza kuzunguka miche. Ndani ya wiki moja kingo za majani zikageuka kahawia na kukauka kuelekea ndani, majani ya nje yakitangulia. Mzee jirani yangu alipita uani, akainama, akashika jani. "Mwanangu, hii bado ina moto. Itoe leo."

Alichokiita moto ni chumvi na amonia. Stroberi ni miongoni mwa mimea isiyostahimili chumvi udongoni, mizizi yake ni ya juujuu na inaungua mapema. Nimekwangua mbolea yote, kisha nimemwagilia maji mengi mara kadhaa ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Badala yake nimeweka mboji, konzi moja kwa kila mche, isiguse moyo. Majani yaliyoungua hayarudi, ila mapya yanatoka safi. Mbolea ile ya kuku imeingia kwenye shimo la mboji, itumike mwakani.

Matandazo nayo nimebadilisha. Nyasi nilizotandaza mwanzo zilikuja na mbegu zake, na chini yake konokono walikuwa wamejaa. Sasa natumia majani makavu ya misonobari, zile sindano, kutoka msitu wa kupandwa. Maji yanapita, haziozi upesi, na inasemekana konokono hawapendi kutambaa juu yake. Bodaboda kwa magunia mawili, 6,000.

22 Septemba 2024: matunda yaliyopinda

Tangu katikati ya Agosti nimeacha maua. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni kama mwezi mmoja. Shore na kuzumburu walijua kabla yangu kuwa matunda yanakuja, basi nilifunika matuta kwa chandarua kuukuu. Ndege hawakupata hata moja. Matunda yalipoiva, mengi yalikuwa yamepinda, mengine yana mabonde, mengine yamejikunja upande mmoja.

Nimechukua moja nikalisogeza dirishani. Zile punje za nje ya stroberi ndizo matunda yenyewe kwa wataalamu wa mimea. Nyama tunayokula ni kitako cha ua kilichonenepa. Kila punje iliyopata chavua ndiyo inayoamuru nyama iliyo chini yake ivimbe. Kwenye tunda langu, upande ulionona punje zilikuwa kubwa, za rangi ya dhahabu, zimeachana. Upande uliojikunja zilikuwa ndogo, za kijani, zimesongamana bila nyama kati yake. Ua la Chandler lina sehemu ya kiume na ya kike, na upepo husaidia kidogo, lakini anayelizunguka ua na kugusa pande zote ni nyuki, na tundu la chandarua halimpitishi nyuki.

Stroberi ya bustani ina historia nzima iliyosimama kwenye jambo hili hili. Mwaka 1714 Mfaransa Amédée-François Frézier alirudi nyumbani kutoka Chile na miche michache iliyosalimika safari ndefu ya bahari. Ilikuwa majike matupu. Haikuzaa matunda ya maana mpaka ilipokaa jirani na stroberi za Amerika Kaskazini zikaipa chavua, na katika kuchanganyika huko ndiko ilikozaliwa stroberi tunayoilima leo.

Marekebisho: chandarua kimeondoka. Nimeagiza Tanga kipande cha nyavu ya samaki iliyotumika, matundu ya sentimita mbili, 15,000. Nyuki anapita, shore hapiti. Imekaa juu ya fito zilizopindwa, mbali na majani, kwa sababu ikilalia miche ndege wanadonoa kupitia juu yake.

20 Oktoba 2024: mavuno ya kweli

Matunda yaliyotungwa chini ya nyavu mpya yamekuja yamekamilika, yenye umbo la moyo, yamejaa hadi kwenye kikonyo. Navuna asubuhi umande ukikauka, nikikata kikonyo kwa kucha bila kushika tunda. Nasubiri liwe jekundu lote, pamoja na mabega, maana stroberi ikishachumwa haiongezi utamu. Rangi inaweza kukolea, sukari haiongezeki. Hapa ndipo mwenye matuta nyumbani anapomshinda anayesafirisha kwenda mjini, naye hulazimika kuchuma mapema.

Watoto wanakula mengi zaidi ya yanayofika jikoni. Yanayobaki majirani wananunua, shilingi 10,000 kwa kilo.

24 Novemba 2024: vuli na ukungu wa kijivu

Mvua za vuli zimeleta hasara kubwa kuliko zote. Tunda linaanza na doa laini la kahawia, kesho yake limefunikwa manyoya ya kijivu, na linalogusana nalo linafuata. Huu ni ukungu uitwao Botrytis cinerea. Mara nyingi huingia kwenye ua, ukajificha humo mpaka tunda linapoiva, kwa hiyo kusubiri uone manyoya ni kuchelewa. Wiki mbaya zaidi nimetupa zaidi ya nusu ya nilichochuma.

Nimefanya mambo haya kwa pamoja, hivyo sijui kila moja lina uzito gani: nimeondoa majani ya zamani yaliyolala chini ili hewa ipite, natoa kila siku matunda yaliyougua na maua yaliyokauka na kuyafukia mbali, hayaingii kwenye mboji, namwagilia asubuhi tu, chini ya majani. Kisha nimeweka paa la nailoni angavu juu ya fito za mianzi, pande zote wazi. Nailoni 28,000, mianzi 8,000. Baada ya paa, ugonjwa umepungua hadi tunda moja moja. Kwa mtu wa milima yenye ukungu wa asubuhi kama hii yetu, ningesema paa lije kabla ya vuli, hata kabla ya nyavu.

15 Februari 2025: vikamba, utitiri na hesabu

Tangu joto lianze, miche inatoa vikamba vinavyotambaa kama marando ya viazi vitamu, na kila kikamba kina mtoto wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Nimeacha viwili kwa mche, kwa ile miche iliyozaa vizuri bila kuugua tu. Nabakiza mtoto wa kwanza, ambaye ndiye mwenye nguvu, nambana chini kwa waya uliopindwa, nakata kinachoendelea mbele yake. Vikamba vingine vyote naviondoa.

Ukame wa Januari ulileta utitiri. Majani yalikuwa na vidoa vya njano juu, na chini yake nyuzi nyembamba sana. Kuosha upande wa chini wa majani kwa maji yenye nguvu, asubuhi mara mbili kwa wiki, kumetosha.

Hesabu hadi leo: miche 102,000, kuisafirisha, pamoja na nauli yangu, 27,000, samadi na kibarua 30,000, misonobari 6,000, nyavu 15,000, paa 36,000. Jumla 216,000. Nimeuza kilo tisa, yaani 90,000, tulichokula hakimo. Mwenye kupata mzigo mzuri mara ya kwanza ataokoa 46,000, zile za mzigo wa pili.

31 Mei 2025: miche yetu wenyewe

Masika yamepita bila hasara kubwa chini ya paa. Tuta la tatu liliinuliwa mwanzoni mwa mwezi, likamwagiliwa na kuachwa litulie. Leo asubuhi nimekata vikamba, nimeng'oa watoto kwa uma wa bustani, nimekung'uta udongo, nimeacha majani mawili mawili. Mizizi yao ni mingi kuliko ya miche yote niliyowahi kununua, na mioyo minene kama kidole gumba. Imekaa kwenye maranda yenye unyevu kwa saa chache tu, jioni imeingia ardhini. Mche wa kwanza nimeushusha na kuupandisha mara mbili mpaka moyo ukakaa nusu kwa nusu.

Fungu moja nimempa mzee jirani. Matuta ya zamani nitayaachia mavuno ya msimu huu na wa mwakani, kisha yatapandwa maharage. Stroberi hazitarudi hapo kwa miaka mitatu.